Waya ni wa Nani? Historia ya Miji Iliyojijengea Mkongo wa Intaneti

Jumamosi ya tarehe 16 Julai mwaka 2005, wakazi wa mji wa Lafayette, katika jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, walikwenda vituoni kupiga kura. Siku hiyo hawakuwa wakimchagua meya wala mbunge. Waliulizwa swali moja tu: je, shirika la umeme na maji linalomilikiwa na mji wao likope fedha ili lijenge mtandao wa faiba utakaofika katika kila nyumba na kila duka? Hesabu ilipokamilika, asilimia 62 ya waliopiga kura walikuwa wamesema ndiyo.

Kura ile haikuvuma sana nje ya Louisiana. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na swali ambalo limeendelea kuulizwa tangu wakati huo, katika miji ya Marekani, katika vijiji vya kaskazini mwa Uingereza na katika nchi nyingine nyingi. Mawasiliano yanapogeuka kuwa kitu cha lazima kama maji na umeme, nani awe mwenye waya unaoyafikisha nyumbani: kampuni ya mbali inayotafuta faida, serikali, au wale wale wanaoutumia?

Wengi hudhani kwamba swali hili lilizaliwa pamoja na intaneti. Historia inaonyesha kuwa ni la zamani zaidi.

Umeme ulitangulia

Mwishoni mwa karne ya 19, taa ya umeme ilikuwa jambo geni, na kampuni zilizouza umeme zilikimbilia miji mikubwa ambako wateja walikuwa wengi na faida ilipatikana upesi. Miji midogo ilibaki gizani. Lafayette haikutaka kusubiri. Mwaka 1896 wapiga kura wake waliamua kuanzisha mfumo wao wenyewe wa umeme na maji. Shirika lililotokana na uamuzi huo ndilo lile lile ambalo, zaidi ya miaka 100 baadaye, lilirudi kwa wananchi kuomba ridhaa ya kujenga faiba.

Hali ya mashambani ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya miaka ya 1930, takriban shamba moja tu kati ya 10 nchini Marekani lilikuwa na umeme, ilhali mijini karibu nyumba tisa kati ya 10 zilikuwa nao. Sababu iliyotolewa na kampuni ilikuwa ya kihesabu: kusimamisha nguzo nyingi ili kumfikia mkulima mmoja hakulipi. Mwezi Mei mwaka 1935, Rais Franklin Roosevelt aliunda idara maalumu ya kusambaza umeme vijijini, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kutoa mikopo nafuu kwa kazi hiyo. Wakulima wakaungana katika vyama vya ushirika, wakachangishana ada za uanachama, wakakopa, wakachimba mashimo ya nguzo. Mwaka 1949 sheria hiyo ikapanuliwa ili mikopo itolewe pia kwa ajili ya simu.

Katika bonde la mto Tennessee, serikali ya Roosevelt ilikuwa imeanzisha mamlaka ya TVA mwaka 1933 ili kuzalisha umeme kwa mabwawa. Mji wa Chattanooga ukaunda bodi yake ya umeme, EPB, mwaka 1935, na mwaka 1939 bodi hiyo ikachukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni binafsi iliyokuwapo. Inafaa kuyakumbuka majina haya mawili, Lafayette na Chattanooga, kwa kuwa miji hii haikuingia katika zama za intaneti mikono mitupu. Ilikuwa tayari na nguzo, magari, mafundi, ofisi za kulipia ankara, na jambo lililo kubwa kuliko yote hayo: mazoea ya kumiliki kitu kwa pamoja.

Gharama iko kwenye mtaro

Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha habari kwa njia ya mwanga. Tofauti yake na waya wa shaba wa simu ni kubwa. Katika laini ya shaba, kasi ya intaneti hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu. Anayekaa kilomita kadhaa kutoka kituoni hupata mabaki tu. Katika uzi wa kioo, umbali wa namna hiyo haudhuru chochote. Isitoshe, uzi ule ule uliozikwa leo unaweza kuongezewa kasi miaka 10 baadaye kwa kubadilisha mitambo iliyoko kwenye ncha zake, bila ya kufukua ardhi upya.

Lakini kioo chenyewe si ghali. Kilicho ghali ni mtaro: kuchimba barabara, kupata ruhusa ya kupita katika ardhi ya watu, kutundika waya juu ya nguzo, na kumlipa fundi wa kuuingiza ndani ya kila nyumba. Gharama hiyo hulipwa kabla mteja wa kwanza hajatoa hata senti. Kwa sababu hiyo, mtaa ukishakuwa na mtandao mmoja, anayekuja kuchimba wa pili hujikuta anagawana wateja wale wale huku gharama ikiwa ile ile. Matokeo yake ni kwamba katika maeneo mengi hubaki kampuni moja au mbili, na mteja hana pa kukimbilia bei inapopanda.

Kampuni za simu na za kebo nazo zilikuwa na hoja zao, na si haki kuzipuuza. Zilisema kwamba si sawa kwa halmashauri ya mji kuwa mchezaji na refa kwa wakati mmoja: ndiyo inayotoa vibali vya kuchimba na kukodisha nguzo, kisha nayo inaingia sokoni kuuza huduma ile ile. Zilisema pia kwamba teknolojia hubadilika haraka, na kwamba biashara ikianguka, atakayelipa deni ni mlipa kodi ambaye hakuulizwa. Hoja hizi zilipelekwa mahakamani, na zaidi ya huko, zilipelekwa katika mabunge ya majimbo.

Vita vya Lafayette

Mpango wa Lafayette ulipotangazwa mwaka 2004, bunge la Louisiana lilipitisha mwaka huo huo sheria iliyoweka masharti kwa halmashauri yoyote inayotaka kuuza huduma za mawasiliano. Ushindi wa kura ya mwaka 2005 haukumaliza ugomvi, kwani kesi zilifunguliwa kupinga namna mji ulivyokusudia kuuza hatifungani zake. Miezi ikapita bila ya mtaro kuchimbwa. Hatimaye, mwezi Februari mwaka 2007, Mahakama Kuu ya jimbo iliupa mji haki. Hatifungani zenye thamani ya takriban dola milioni 110 zikauzwa mwaka huo, na wateja wa kwanza wakaunganishwa mwaka 2009.

Shirika la mji lilifanya jambo moja ambalo linaonyesha tofauti ya mmiliki aliye karibu na aliye mbali. Mteja alinunua kifurushi cha intaneti kulingana na uwezo wake; lakini mawasiliano yaliyofanyika baina ya wateja wenyewe, ndani ya mji, yalipita kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde kwa kila mtu, aliyelipa kidogo na aliyelipa zaidi. Hoja ilikuwa rahisi: waya ni wa mji, na habari inayotoka mtaa huu kwenda mtaa ule haiugharimu mji ada ya kulipa nje.

Chattanooga na gigabiti moja

Mji wa Chattanooga, kusini mashariki mwa Tennessee, ulikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1969 ulitajwa kuwa mji wenye hewa chafu kupita miji yote ya Marekani, kwa sababu ya moshi wa viwanda vyake vya chuma. Viwanda vilipofungwa, moshi ukaondoka pamoja na ajira.

Bodi ya umeme ya EPB, ikiongozwa na Harold DePriest, haikuanza na intaneti. Ilianza na umeme wenyewe. Lengo lilikuwa kuweka kwenye nyaya za umeme swichi zinazoweza kuwasiliana, ili mti unapoangukia waya wakati wa dhoruba, mfumo utambue mahali penye hitilafu, upatenge, na uwarudishie umeme wateja wengine kwa njia ya mzunguko bila ya kumsubiri fundi. Swichi hizo zilihitaji mawasiliano ya faiba. Na kama faiba ingefika kila mtaa kwa ajili ya umeme, kwa nini isiingie pia majumbani?

Vyama na kampuni za kebo zikafungua kesi, na zikashindwa. Bodi ikauza hatifungani za takriban dola milioni 220, na mwaka 2009 serikali kuu ikaipatia ruzuku ya zaidi ya dola milioni 111 kutoka katika mpango wa kuufufua uchumi. Mwezi Septemba mwaka 2010, EPB ilitangaza kwamba mteja yeyote katika eneo lake, lenye ukubwa wa maili za mraba 600 hivi, anaweza kupata intaneti ya gigabiti moja kwa sekunde, awe katikati ya mji au shambani mlimani. Wakati huo bei ya kasi hiyo ilikuwa dola 350 kwa mwezi, na wengi waliuliza ni nani atakayeihitaji. Miaka mitatu baadaye ilishuka hadi dola 70 hivi. Mwaka 2015 bodi ikaleta gigabiti 10, na mwaka 2022 gigabiti 25, kupitia nyuzi zile zile.

Mwaka 2020 Profesa Bento Lobo wa Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Chattanooga alikadiria kwamba katika miaka 10 ya kwanza mtandao huo uliuletea mkoa faida ya dola bilioni 2.69, na kuchangia ajira zipatazo 9,500. Makadirio ya wachumi hupingwa na wachumi wenzao, lakini jambo jingine la mwaka huo halikuhitaji makadirio. Shule zilipofungwa kutokana na ugonjwa wa Covid-19, EPB na halmashauri ya shule za wilaya ya Hamilton zilianzisha mpango wa kuwapatia intaneti bila malipo wanafunzi wapatao 28,000 wa familia zenye kipato cha chini. Waya ulikuwa tayari umeshapita mbele ya nyumba zao. Kilichobaki kilikuwa uamuzi na fedha, na wenye kuamua walikuwa katika mji huo huo.

Mpaka unaoishia nguzoni

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na ukuta. Sheria ya Tennessee iliruhusu bodi za umeme za miji kuuza intaneti ndani ya eneo lao la umeme tu. Palikuwa na familia zilizokaa ng'ambo ya pili ya mpaka huo, zikiwaona majirani wakiwa na gigabiti ilhali zenyewe zikitegemea laini ya simu au setilaiti.

Katika jimbo la North Carolina ukuta ulikuwa mrefu zaidi. Mji wa Wilson, uliojulikana zamani kwa soko lake la tumbaku, ulianzisha mtandao wake wa faiba uitwao Greenlight mwaka 2008. Kampuni za kebo hazikupendezwa. Baada ya miaka kadhaa ya ushawishi katika bunge la jimbo, ilipitishwa mwaka 2011 sheria iliyoufanya mji mwingine wowote ushindwe, kwa wingi wa masharti, kufuata nyayo za Wilson. Wilson wenyewe uliachwa uendelee, lakini ndani ya mipaka ya wilaya yake.

Mwaka 2014 Wilson na Chattanooga zikaiomba Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, iziondoe sheria hizo za majimbo. Tarehe 26 Februari mwaka 2015 tume ilikubali, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Kwa uamuzi huo, Wilson ikavusha waya hadi Pinetops, mji mdogo wa watu wapatao 1,300 katika wilaya jirani, ambao kwa miaka mingi haukuwa na huduma ya maana. Mwaka 2016 nyumba za Pinetops zikawa na faiba.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 10 Agosti mwaka huo huo, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho mjini Cincinnati iliitengua amri ya FCC. Majaji hawakusema kwamba sheria za majimbo ni nzuri. Walisema kwamba Bunge la nchi halikuipa tume mamlaka ya kuingia kati ya jimbo na miji yake. Kwa maana nyingine, mji ni mtoto wa jimbo, na mzazi akikataza, hakuna wa kumwombea.

Wilson ikajikuta mahali pagumu. Kisheria haikuweza tena kuwauzia huduma watu wa Pinetops. Kibinadamu haikutaka kuwakatia. Baraza la mji likaamua kuwapa huduma hiyo bure kwa muda, kwa kuwa sheria ilikataza kuuza. Mwezi Oktoba kimbunga Matthew kikaleta mafuriko makubwa mashariki mwa North Carolina, na mji ule mdogo ukapitia msiba huo ukiwa bado umeshikilia waya wa jirani. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwaruhusu waendelee, lakini kwa sharti: siku kampuni binafsi itakapofikisha faiba yake Pinetops, Greenlight iondoke. Hivyo wakazi wa Pinetops walijifunza kwamba kuwa na waya mlangoni hakutoshi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na waya wa kuazima hutegemea sheria iliyoandikwa na wengine.

Mali bila daftari

Ingekuwa kosa kuihadithia historia hii kama kwamba kila mji uliojaribu ulifaulu. Mji wa Burlington, katika jimbo la Vermont, ulianza kuuza huduma kupitia mtandao wake katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2009 ikabainika kwamba utawala wa mji ulikuwa umetumia takriban dola milioni 17 kutoka katika fedha za jumla za mji ili kuuendesha mtandao huo, kinyume na masharti ya leseni. Benki iliyokuwa imetoa mkopo ikadai zaidi ya dola milioni 33 mahakamani, na hadhi ya mji mbele ya wakopeshaji ikaporomoka. Mwaka 2014 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 10.5, na mtandao ukalazimika kutafutiwa mnunuzi. Wakazi waliunda chama cha ushirika ili waununue, lakini ofa yao ilikuwa ndogo. Mwaka 2017 baraza la mji lilichagua kampuni binafsi kutoka Indiana, na mauzo yakakamilika mwaka 2019. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Huko Provo, katika jimbo la Utah, kasoro ilikuwa nyingine. Sheria ya jimbo ya mwaka 2001 ililikataza baraza la mji kumuuzia mwananchi moja kwa moja. Liliruhusiwa kujenga tu, kisha kuwauzia kwa jumla wafanyabiashara wa rejareja. Wafanyabiashara hao hawakuleta mapato ya kutosha. Mwaka 2013 mji uliuza mtandao uliojengwa kwa hatifungani za dola milioni 39 kwa kampuni ya Google, kwa bei ya dola moja. Wakazi wakaendelea kulipa deni kupitia ankara zao za kila mwezi.

Wapinzani wa umiliki wa umma huitaja miji hii miwili kama ushahidi, nao wana haki ya kuitaja. Lakini ukiitazama kwa makini, hakuna kati yake ulioshindwa kwa sababu ya kioo. Mmoja ulishindwa kwa usimamizi na siri. Wa pili uliingia biasharani mkono mmoja ukiwa umefungwa.

Majembe ya Lancashire

Kaskazini magharibi mwa Uingereza, katika bonde la mto Lune mkoani Lancashire, mambo yalichukua sura tofauti. Hapakuwa na bodi ya umeme ya mji wala halmashauri yenye fedha. Palikuwa na wafugaji wa kondoo na ng'ombe, vijiji vilivyotawanyika, na laini za simu za shaba zilizokuwa ndefu mno. Wakati huo huo serikali iliwataka wakulima wajaze fomu zao kupitia intaneti, na watoto walipewa kazi za shule za kufanyia kwenye kompyuta.

Mwaka 2011 wakazi wa eneo hilo walisajili chama kiitwacho Broadband for the Rural North, kinachofahamika kwa ufupi kama B4RN. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Barry Forde, mtaalamu wa mitandao aliyekuwa Chuo Kikuu cha Lancaster, na Chris Conder, mke wa mkulima aliyekuwa akipigania intaneti ya vijijini kwa miaka mingi. Uchimbaji ulianza mwaka 2012, kwa kuanzia na parokia nane.

Siri ya B4RN haikuwa mtambo mpya. Ilikuwa hesabu ya mtaro. Kuchimba kando ya barabara nchini Uingereza ni ghali, na mwenye shamba kwa kawaida hudai malipo ili waya upite kwake. Wakulima wa bonde la Lune waliruhusu bomba lipite mashambani mwao bila malipo. Baadhi yao wakaleta matrekta yao wenyewe. Waliojitolea wakachimba bustani zao, wakapitisha mabomba chini ya kuta za mawe, wakafundishana kuunganisha nyuzi. Aliyechimba angeweza kulipwa kwa hisa badala ya fedha taslimu. Aliyenunua hisa za pauni 1,500 alipata huduma ya mwaka mzima. Ada ya mwezi ilipangwa kuwa pauni 30 kwa gigabiti moja kamili, ya kupokea na ya kutuma, wakati ambapo nyumba nyingi za London hazikuwa na kasi hiyo. Haba na haba hujaza kibaba: chama kilichoanza na parokia nane kimekwisha kuvuka wateja 10,000.

Sheria iliyokisajili chama hicho ina mizizi katika mkoa huo huo. Mwezi Desemba mwaka 1844, mafundi na wafumaji wa mji wa Rochdale, wakati huo ukiwa sehemu ya Lancashire, walifungua duka lao la ushirika na kuuza unga, siagi, sukari na mishumaa kwa kipimo cha haki. Kanuni yao kuu ilikuwa kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kanuni hiyo ilisafiri mbali. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipotunga sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliitumia kuunda chama kikuu cha KNCU mwaka uliofuata. Mwanachama wa B4RN anayepiga kura kwenye mkutano wa mwaka, na mkulima wa Kichaga aliyepeleka kahawa yake ghalani, walikalia kigoda kile kile.

Kuna kinga nyingine katika katiba ya chama hicho. Mali yake haiwezi kuuzwa ili wanahisa wagawane faida. Yaliyotokea Burlington, mtandao kumwendea mnunuzi kutoka nje ilhali wakazi wanautaka, yamewekewa kizuizi tangu siku ya kwanza.

Soko na wachuuzi

Ipo pia njia ya kati. Mwaka 1994, wakati watu wengi hawajasikia hata neno intaneti, jiji la Stockholm nchini Sweden lilianzisha kampuni yake iitwayo Stokab. Kampuni hiyo huzika faiba na kuikodisha kwa yeyote anayetaka kuuza huduma, kwa masharti yaliyo sawa, na yenyewe haimuuzii mwananchi intaneti. Ni kama baraza la mji linalojenga soko na kupangisha vibanda: wachuuzi hushindana kwa bidhaa na bei, lakini hakuna mchuuzi anayemiliki lango. Nchini Oman, kampuni ya serikali ya Oman Broadband imefuata utaratibu unaofanana na huo, kwa kujenga mtandao na kuukodisha kwa kampuni za simu. Tofauti ni kwamba huko mmiliki ni dola, si mji wala ushirika, na mwananchi hana kura katika mkutano wa mwaka.

Afrika Mashariki nayo imepitia sehemu ya swali hili kwa njia yake. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ilitia nanga Mombasa na Dar es Salaam: SEACOM mwezi Julai, na TEAMS iliyovutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa kwa ubia wa serikali ya Kenya na kampuni za simu. Bei ya kufikisha intaneti pwani ilishuka kuliko zama za setilaiti. Lakini mkongo wa bahari huishia ufukweni. Kutoka hapo hadi mlangoni kwa mtu kuna njia nyingine ndefu, na kila kipande chake kina mwenyewe.

Kura zinaendelea

Nchini Marekani upepo umebadilika kidogo. Jimbo la Colorado, ambalo tangu mwaka 2005 lilizitaka halmashauri zipige kura kabla ya kugusa biashara ya intaneti, lilishuhudia zaidi ya jumuiya 100 zikipiga kura hizo na kujiruhusu. Mwaka 2023 bunge lake likalifuta sharti hilo. Arkansas na Washington zilikuwa zimelegeza sheria zao mwaka 2021, na Minnesota ikafuata mwaka 2024. Huko Tennessee, tangu mwaka 2017 sheria inaviruhusu vyama vya ushirika vya umeme vijijini kuuza intaneti. Baadhi ya vyama vile vilivyozaliwa katika zama za Roosevelt, kwa sababu mkulima aliambiwa halipi, sasa vinatundika kioo juu ya nguzo zile zile, kwa watu walioambiwa jibu lile lile. North Carolina bado haijaifuta sheria yake ya mwaka 2011.

Kwa Mswahili anayeishi Houston au Leicester, ankara ya intaneti hufika kila mwezi kama ankara nyingine, na si rahisi kuona historia ndani yake. Hata hivyo, kiasi kilichoandikwa pale chini kimepangwa na mtu, mahali fulani. Katika Chattanooga mtu huyo huitwa mbele ya bodi ya mji. Katika bonde la Lune ni jirani, na mwanachama asiyeridhika naye anaweza kumpigia kura ya kumwondoa.